Fundi Mwiko na Jumba la Bustanini

Mtaani kwao hakuna aliyekumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Mwiko, kwa sababu ya kifaa chake cha kazi. Alikuwa mwashi. Kwa miaka ishirini na tano alikuwa amejenga kuta za watu na kuzipiga plasta. Mkewe alipenda kuwatania wageni kwamba hata siku ya harusi, bwana harusi alikuja na mwiko mfukoni.

Mke huyo aliitwa Mama Pacha, kwa kuwa alijifungua mabinti wawili kwa mpigo. Alikuwa mpishi wa shule. Mabinti sasa walikuwa sekondari, na kazi yao kubwa nyumbani ilikuwa kugombania kioo. Katika nyumba hiyo ya vyumba vitatu aliishi pia mama yake Mama Pacha. Wote walimwita Bibi, hata wapangaji wa nyumba ya jirani.

Bibi alikuwa na shinikizo la damu. Daktari alimwambia atembee kila asubuhi. Basi baada ya chai, Mama Pacha alitoka kwenda jikoni kwake shuleni. Mabinti walifuata. Mwiko alifunga kamba za buti. Bibi naye alichukua mkongojo wake, akavuka barabara, akaingia bustanini.

Bustani ile ilikuwa mali ya watu wote. Ilikuwa kwenye kilima kidogo. Kulikuwa na miti mikubwa, mabenchi, na njia za changarawe zilizopanda mpaka kileleni. Kileleni palikuwa na jengo la zamani la mawe. Watu waliliita Jumba, basi. Lilikuwa na ngazi pana mbele na madirisha marefu. Lilijengwa kwa mawe na chokaa, zamani sana, kabla babu zao hawajazaliwa. Familia nyingi za mtaa ule zilikuwa na picha ya harusi iliyopigwa kwenye ngazi zile. Vikundi vya akina mama vilikutana ndani. Wanafunzi walijisomea humo nyakati za mitihani. Lakini kwa miaka miwili sasa mlango ulikuwa umefungwa. Plasta ilidondoka vipande vipande. Ukichungulia dirishani, ulipokewa na harufu ya unyevu.

Kulikuwa na jambo ambalo Mwiko hakupenda kulizungumzia. Plasta ile aliipiga yeye. Miaka kumi na miwili iliyopita halmashauri ya mji ilimpa kazi hiyo. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Enzi hizo akipita na wanawe, aliwainulia kidole na kuwaonyesha: ukuta ule ni wa baba yenu. Siku hizi akipita pale, alitazama buti zake.

Mwaka huo mvua zilikuja kwa kishindo. Njia ya kupanda kwenye Jumba ilichimbika. Maji yalikata mfereji katikati yake, kina cha goti. Watu waliogopa kuteleza, wakawa wanapita pembeni, kwenye nyasi. Nyasi zikafa. Kisha maji yakafuata nyayo zao, na pembeni nako kukachimbika. Kila wiki njia ilizidi kupanuka na kuharibika.

Asubuhi moja Bibi alikanyaga ukingo wa mfereji huo. Ukingo ukakatika. Bibi akaanguka na kuangukia mkono.

Aliyemwokota ni mtunza bustani. Watu walimwita Mzee Funguo, kwani kishada chake cha funguo kilisikika kabla yeye hajaonekana. Alimkalisha Bibi kwenye benchi. Akavua koti lake, akamfunika. Akamtuma mpita njia akamwite Mwiko. Hakuondoka pale mpaka Mwiko alipofika akihema.

Hospitali walisema mfupa wa kifundo cha mkono umevunjika. Bibi alirudi nyumbani mkono ukiwa umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa na maumivu, lakini ulimi wake ulikuwa mzima.

"Mwenda pole hajikwai," alisema. "Aliyetunga methali hiyo hakuwahi kupita bustanini kwetu." Kisha akauinua mkono. "Haya, na mimi nimepigwa plasta. Tuone yangu itadumu muda gani."

Mabinti walicheka. Mama Pacha alicheka. Mwiko alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa kwenye lango la bustani. Halmashauri ilisema Jumba ni hatari, na njia zake ni hatari. Ikiwa hakutapatikana namna ya kuvikarabati katika miezi mitatu, njia zitafungwa na Jumba litabomolewa. Wakazi waliitwa Jumamosi, kwenye ngazi za Jumba, kutoa maoni.

Watu walifika wengi. Walifika wakiwa na hasira. Mmoja alisema hiyo ni kazi ya serikali, yeye analipa kodi. Mwingine alisema bora libomolewe, maana ni makazi ya popo. Mama mmoja alisema kama popo ndio sababu, basi na nyumba ya huyo aliyesema ibomolewe. Kelele zikawa nyingi.

Halmashauri ilikuwa imemleta mtaalamu. Alikuwa mwanamke wa makamo, buti zake zina tope, daftari lake limekunjwa mfukoni. Kazi yake ilikuwa kukarabati majengo ya kale. Alisubiri kelele zipungue. Kisha akasema hakuja na dawa mfukoni. Yeye amefika jana tu, lakini wao wanaishi hapa. Ni nani kati yao anayepita njia hii kila siku?

Wote walimgeukia Bibi.

Bibi alimtembeza mtaalamu, na watu wakafuata nyuma. Alimwonyesha alipoanguka. Alimwonyesha mahali ambapo maji huja kwa nguvu, na mahali ambapo hutulia. Mtaalamu hakuangalia shimo tu. Aliuliza jambo moja tu, na alilirudia kila hatua: maji haya yanatoka wapi? Waliyafuata kwa kupanda, kama mtu anayefuata uzi mpaka kwenye kidonge chake. Wakafika nyuma ya Jumba.

Pale waliona. Kwenye ukingo wa paa palikuwa na mfereji wa bati wa kupokea maji ya mvua. Mfereji huo ulikuwa umevunjika. Maji ya nusu ya paa yalimwagika mahali pamoja, kwenye mguu wa ukuta. Kwa miaka mingi watu walikuwa wamerundika udongo wa maua hapo hapo, hata udongo ukapanda juu ya msingi. Ukuta ulikunywa maji kiasi. Yaliyobaki yalishuka njiani.

"Maji ni yale yale," mtaalamu alisema. "Yanaozesha ukuta, kisha yanateremka kumvunja Bibi mkono."

Wengi wao walikuwa wamepita nyuma ya Jumba mara mia, na hakuna aliyeinua macho.

Mtaalamu akasogea ukutani. Akaugonga kwa kifundo cha kidole. Ulitoa sauti ya kitu kitupu. Akauliza ni nani aliyepiga plasta hii.

Mwiko alikuwa nyuma ya watu wote. Alifungua mdomo. Lakini kabla hajatoa neno, kinyozi wa mtaa alijibu. Kinyozi alikuwa na tabia ya kujua kila kitu. Alisema fundi si hoja. Hoja ni saruji. Saruji iliibwa, na ukuta ukapigwa mchanga mtupu, kila mtu anajua hivyo. Akauliza kwa sauti, funguo za stoo alikuwa nazo nani wakati huo?

Vichwa viligeuka. Mzee Funguo alikuwa akichezea kishada chake, kama kawaida yake. Mkono wake ulisimama. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hakuchukua hata kiganja kimoja cha saruji. Kinyozi akasema lisemwalo lipo.

Mwiko akafunga mdomo. Aliwaza nyumba mbili alizoahidiwa kupiga plasta mwezi ule. Nani atampa kazi fundi ambaye ukuta wake unadondoka mbele ya mtaa mzima? Akaondoka kabla mkutano haujaisha.

Jioni hiyo Mama Pacha alikuwa akimenya viazi mlangoni mwa jiko. Hakumtazama mumewe.

"Baba Pacha, saruji iliibwa?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Niliichanganya kwa mikono yangu. Kila mfuko ulioingia stoo uliingia ukutani."

Mama Pacha alimaliza kumenya kiazi kile. Akachukua kingine.

"Yule mzee ndiye aliyemvulia mama koti," alisema.

Hakuongeza kitu. Angegomba, Mwiko angepata la kujibu.

Baada ya siku mbili habari zilienea. Ofisi ya halmashauri ilimwamuru Mzee Funguo arudishe funguo na akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Mtu aliyefungua lango lile kwa miaka thelathini alikuwa sasa ameketi kibarazani kwake, mikono mapajani, hajui aiweke wapi.

Asubuhi iliyofuata Mwiko hakwenda kazini. Alichukua tindo na nyundo, akaenda nyuma ya Jumba. Alitaka kuona kwa macho yake. Akabandua kipande cha plasta, upana wa sinia.

Saruji yake ilikuwa ngumu kama siku aliyoipiga. Ilimpa kazi kuivunja. Lakini nyuma yake, mawe yalikuwa yanatoa maji. Chokaa ya zamani kati ya mawe ilikuwa laini kama unga uliolowa. Alichomeka kidole. Kidole kikazama mpaka kwenye kiungo cha pili.

Akakaa chini kwenye udongo wa maua. Kama ingekuwa wizi, ingekuwa nafuu kwake. Hapa hapakuwa na mwizi. Palikuwa na kazi yake mwenyewe, nzuri na ngumu, na ukuta uliooza nyuma yake.

Mtaalamu alimkuta hapo. Alikuja kupima kuta. Aliinama, akakitazama kipande cha saruji kilichobanduliwa, akakigeuza.

"Aliyepiga plasta hii hakuiba," alisema. "Hii imetiwa saruji ya kutosha. Imezidi, hata."

"Ni mimi," Mwiko alisema.

Mtaalamu hakushtuka. Aliketi kando yake.

"Fundi, ukivaa mfuko wa nailoni ukalima juani, itakuwaje?"

"Nitalowa jasho."

"Na jasho litatokea wapi?"

"Halina pa kutokea."

"Basi hivyo ndivyo ilivyo. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji mvua ikinyesha. Jua likiwaka, huyatoa. Plasta ya chokaa ni kama shati la pamba. Wewe uliuvisha nailoni. Maji yaliingia kutoka juu na kutoka chini, yakakosa njia ya kutoka."

"Kwa hiyo saruji ni mbaya?"

"Si mbaya. Kwenye nyumba mpya ya matofali ya saruji, iweke. Kwenye ukuta wa zamani kama huu, inauua."

Mwiko alifikicha unga wa chokaa kati ya vidole vyake. Alieleza kwamba ukuta ulikuwa na nyufa, na wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye aliziba.

"Walisema kweli," mtaalamu alijibu. "Ila ukiuziba ufa bila kuuliza umetoka wapi, ukuta utaujenga vilevile."

Mwiko alisema alifanya kama alivyofundishwa. Mtaalamu alisema anajua. Yeye mwenyewe, katika kazi yake ya kwanza, aliharibu mnara mzima kwa namna hiyo hiyo, na aliyemsahihisha hakumtukana. Mwiko akauliza kama ukuta huu unatibika. Akaambiwa unatibika, wakipatikana mafundi wenye subira. Halmashauri itatoa chokaa, mchanga na mabati, na yeye atasimamia. Kinachopungua ni mikono.

Kisha mtaalamu akasimama, akapangusa suruali yake.

"Umeniambia mimi, fundi, na nimeshukuru. Lakini aliyenyang'anywa funguo si mimi."

Jumamosi iliyofuata watu walikutana tena. Safari hii Mwiko alisimama kwenye ngazi, mahali pa kuonekana. Mama Pacha na mabinti walikuwa mbele. Bibi alikuwa amekalia kiti alichokuja nacho.

"Plasta ya Jumba niliipiga mimi," alisema. "Saruji haikuibwa. Yote imo ukutani. Kosa ni langu, na kosa lenyewe si mchanga. Niliutia ukuta wa zamani saruji, nao haukuihitaji. Mzee Funguo hana lake katika hili. Wiki iliyopita nilikuwa hapa, nikanyamaza. Hilo ni kosa la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza."

Akaeleza habari ya nailoni na shati la pamba. Akawaita waliotaka wakatie kidole wenyewe kwenye tundu alilolibandua nyuma ya Jumba. Kinyozi alikuwa wa kwanza kwenda. Alirudi na kidole cheupe, akakipangusa kwenye suruali yake.

Mkutano ulipoisha, Mwiko na kinyozi walikwenda pamoja kwa Mzee Funguo. Mzee alikuwa kibarazani. Kinyozi aliomba radhi haraka haraka, kama mtu anayekunywa dawa chungu. Mwiko alichukua muda zaidi. Alieleza yote, hata zile nyumba mbili alizoogopa kuzikosa.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulichelewa," alisema.

"Nilichelewa, mzee."

"Haya. Vueni viatu, mkae."

Kesho yake ofisi ilimrudishia funguo.

Kazi ikaanza. Watu walijigawa makundi mawili, moja la njia na moja la ukuta. Kundi la njia liliongozwa na Mama Pacha. Mtu anayelisha watoto mia tatu kila mchana hakuona taabu kuwapanga watu hamsini wenye majembe. Waliopiga soga aliwapa mawe ya kubeba. Waliobeba mawe bila soga aliwapa maji ya kunywa.

Kabla ya yote walitengeneza mfereji wa paa na kuondoa udongo uliorundikwa ukutani. Mtaalamu alikuwa amesema ni bure kukausha sakafu bomba likiwa wazi. Kisha wakageukia njia. Walijaza mashimo kwa mawe na udongo, wakaushindilia. Waliiinamisha njia kidogo kuelekea upande wa bondeni, ili maji yasikae juu yake. Kila baada ya hatua kumi na tano walipanga mawe makubwa kukata njia kwa mshazari. Maji yakishuka yangegonga mawe hayo na kugeuka pembeni, kwenye nyasi. Maji machache yakitawanywa mapema hayapati nguvu ya kuchimba.

Mabishano makubwa yalihusu njia za mkato. Kulikuwa na tano. Mzee Funguo alitaka zote zizibwe kwa matawi na kupandwa nyasi, maana kila moja ilikuwa mfereji mpya. Bibi alikataa. Alisema nne zizibwe, ni za watu wavivu. Lakini ile ya tano inaelekea zahanati. Mwenye mtoto mgonjwa mgongoni hawezi kuzunguka kilima kizima kwa ajili ya nyasi.

"Mkiiziba mchana, watu wataizibua jioni," Bibi alisema. "Na mimi nitakuwa mmoja wao, kwa mkono huu mmoja."

Mtaalamu alikubaliana naye. Alisema yeye asingeijua njia ya zahanati kwa kutazama ramani. Basi nne zikazibwa, na ya tano ikajengewa ngazi za mawe na mahali pa kushika. Ikawa njia halali. Mzee Funguo alinuna siku moja, kisha yeye ndiye akawa wa kwanza kuipitia.

Upande wa ukuta mambo yalikuwa magumu zaidi. Walibandua saruji kwa tindo na nyundo tu, polepole, wasivunje mawe. Ilichukua wiki tatu. Kisha mtaalamu akawafundisha kuzima chokaa, yaani kuilainisha kwa maji ile iliyotoka kuchomwa. Aliwavalisha glavu, buti na miwani, akawasogeza mbali wote wasiohusika. Alisema chokaa inatiwa kwenye maji kidogo kidogo. Maji hayamwagwi juu ya chokaa, kwa sababu hulipuka na kupofusha macho. Wakaona maji yakichemka pipani bila moto. Toka siku hiyo watu walimwita mtaalamu Mama Chokaa, na jina likamganda.

Chokaa ile iliachwa ikae wiki kadhaa mpaka ikawa laini kama siagi. Mafungu matatu ya mchanga safi yalichanganywa na fungu moja la chokaa. Mwiko alikuwa na hamu kubwa. Mkono wake ulizoea kumaliza ukuta kwa siku moja. Siku Mama Chokaa alipoitwa ofisini, Mwiko alipiga sehemu nzima peke yake, unene wa vidole viwili, jua la mchana likiwaka. Ilipendeza. Baada ya siku mbili ilikuwa na nyufa kama sahani iliyodondoka.

Alisimama mbele yake, uso umemshuka. Mafundi vijana walitazama pembeni. Mama Chokaa alipofika hakumlaumu. Alimuuliza tu anadhani kumetokea nini.

"Nilikimbia," Mwiko alisema.

"Naam. Saruji hukimbia nawe. Chokaa haikimbii na mtu."

Akaibandua mwenyewe, akaanza upya. Aliulowesha ukuta kwanza. Alipiga tabaka jembamba, lisilozidi unene wa kidole. Alilifunika kwa magunia mabichi ili jua lisilikaushe kwa pupa. Akasubiri siku kadhaa kabla ya tabaka la pili. Mabinti zake walikuja jioni baada ya shule kuyalowesha magunia. Ulikuwa mwezi wa kazi ya polepole. Katika mwezi huo mmoja wa wale wateja wawili alimpa fundi mwingine nyumba yake. Mwiko alisikitika, ila hakushangaa. Yule wa pili alisema atamngoja.

Siku chache kabla ya miezi mitatu kwisha, mvua kubwa ilinyesha tangu alfajiri. Mwiko na Mama Pacha walijifunika turubai moja, wakapanda bustanini. Walikuta si wao peke yao. Watu kadhaa walikuwa wamesimama chini ya miti, kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Maji ya paa yalipita kwenye bati jipya, yakashuka mbali na ukuta. Njiani, maji yalikuja mpaka kwenye safu ya kwanza ya mawe. Yakasita. Yakageuka, yakaingia nyasini. Safu ya pili vivyo hivyo. Mahali pamoja tu majani yalikuwa yameziba, na maji yakataka kuruka. Mama Pacha alivua viatu, akayaondoa majani kwa mguu, na maji yakaendelea na safari yake.

Wahandisi wa halmashauri walikuja baada ya wiki mbili. Waliugonga ukuta, wakapima unyevu, wakaitembea njia yote mpaka chini. Tangazo likabanduliwa langoni. Mlango wa Jumba ulifunguliwa. Ndani bado kulikuwa na harufu kidogo ya unyevu, na Mama Chokaa alisema itaisha kiangazi, ukuta ukipumua vya kutosha. Wakazi walikubaliana kwamba kila baada ya mvua, nyumba kumi zitazunguka kwa zamu kuondoa majani na matope kwenye mawe ya njia. Kila mwaka, kabla ya mvua, mfereji wa paa utakaguliwa. Karatasi ya zamu ilibandikwa mlangoni. Mkono wa Bibi ulikuwa umepona, ingawa alisema sasa unamtabiria mvua kuliko redio, na akaanza kuwatangazia wenye zamu wajiandae.

Mwaka uliofuata halmashauri ilimtuma Mwiko kwenye jengo jingine la kale, kituo cha treni kisichotumika tena. Alipewa mafundi sita awafundishe, wanaume wanne na wanawake wawili. Asubuhi ya kwanza walikuja na miko yao tayari mikononi. Mwiko aliwaambia waviweke vifaa chini. Akawazungusha jengo lile mara mbili, wakitafuta maji yanakotoka. Mafundi walitazamana. Walidhani mzee huyu anapoteza muda.

Mwishowe mmoja wao, binti mwenye kilemba cha bluu, alimuuliza alijifunzia wapi mambo haya ya chokaa.

"Kwenye ukuta niliouharibu," Mwiko alisema.

Wale sita walicheka, wakidhani ni mzaha. Mwiko aliwatazama mmoja mmoja. Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akawaambia wakae, kisha akawasimulia yote bila kuacha kitu. Aliwasimulia hata ile Jumamosi aliyonyamaza. Alipomaliza, hakuna aliyekuwa anacheka.

Binti mwenye kilemba alinyanyuka. Akaenda ukutani, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.